Mashine ya kunyolea inayong'ata nywele

Mdogo wangu wa Ujiji, umesema mashine yako ya waya inang'ata nywele, inapiga kelele, na fundi amekuambia ununue meno mapya. Usinunue kwanza.

Chomoa waya ukutani. Fungua skrubu mbili za meno, usugue kwa mswaki mkavu. Utakuta nywele zimegandamana na mafuta na vumbi hadi zimekuwa kama ugoro. Hizo ndizo zinazozuia meno kukaa sawasawa. Maji usitie.

Kurudisha ndiko kunakotaka utulivu. Meno yanayocheza yakae nyuma kidogo ya yale yanayogusa ngozi, kama milimita 1 hivi, na mistari iwe sambamba. Yakitokeza mbele hata kidogo yanakata ngozi, na kichwa cha mtoto hakistahili hivyo. Jaribu kwenye mkono wako kabla ya mtu yeyote.

Kisha matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani kwenye meno, uiwashe mashine yaenee, ufute yaliyozidi. Mawese yetu, hata yawe mazuri vipi, yaache jikoni: yanaganda. Ukisafisha kwa spiriti baada ya mteja, paka mafuta tena, maana spiriti inayaondoa.

Kelele? Tazama skrubu ndogo ubavuni. Mashine ikiwa inawaka, zungusha skrubu hiyo polepole mpaka mlio utulie. Umeme ukiwa mdogo jioni, mlio hubadilika. Subiri umeme utulie ndipo urekebishe.

Ikiwa bado inang'ata baada ya hayo, meno yameisha kweli. Yapeleke yakanolewe au ubadilishe.