Diski mbili za USB kwa hifadhi ya nyumbani

Ndugu yangu, umeuliza kama diski mbili ndogo za USB, zile zisizo na waya wake wa umeme, zitafaa kwenye kisanduku chako cha hifadhi hapo Langoni. Moja yaweza kufaa, mbili nina shaka. Tundu la USB 3.0 kwa kawaida hutoa miliampea 900, na diski inapoanza kuzunguka hutaka nguvu nyingi kwa ghafla. Ukiisikia inalia tk-tk kisha inapotea kwenye orodha, mara nyingi ni njaa ya umeme hiyo. Chukua za inchi 3.5 zenye adapta yake, na vyote uvichomeke kwenye UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, maana stima yetu Lamu unaijua.

Kubwa zaidi: uliza kama diski ni CMR au SMR, namna mbili za kupanga data ndani ya diski. Kwenye CMR njia za data hukaa kando kando. Kwenye SMR njia za data zimelaliana kama makuti ya paa; kubadilisha kuti moja lazima uguse na yaliyolilalia, ndiyo maana kuandika upya mafaili mengi huwa pole pole mno. Kwa picha za harusi utakazoweka na kuziacha, haina neno. Kwa RAID, yaani diski kadhaa zinazounganishwa zifanye kazi kama moja, SMR usiinunue kabisa.

Na nakala nyingine ikae nje ya nyumba, hata kwa jamaa Mokowe.