Gita Linalia Chumbani, Ukumbini Linakufa: Yaliyonikuta Lindi

Juzi usiku kijana mmoja wa Newala kaniandikia: "Kaka, shikamoo. Hela ya korosho nimenunulia prosesa ya gita. Nikivaa hedifoni chumbani inalia kama bendi ya Kinshasa. Jumapili kanisani ikalia kama nyuki kwenye debe, fundi mitambo akanizima. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu mistari miwili, nikafuta. Hayo uliyoandika ni yangu. Yalinikuta mimi, Lindi, mbele za watu, na muda wote huu nimekuwa naandika hapa habari za nyuzi na mikono bila kuyagusa. Leo nayasema.

Mashine hizi, wenyewe wanaziita modela, ni kompyuta ndogo inayoiga amplifaya, inaiga spika ya hiyo amplifaya, inaiga hata maikrofoni iliyosimamishwa mbele ya spika. Ya kwanza kuiona kwa macho yangu ilikuwa POD ya kampuni ya Line 6, ile nyekundu yenye umbo la harage, ya mpiga solo mmoja aliyekuja na bendi kutoka Dar. POD zilitoka 1998, na ile ilikuwa imeshachakaa, rangi imebanduka pembeni. Lakini kwangu ilikuwa muujiza. Mtu kachomeka gita kwenye kitu cha kushika mkononi, kachomeka waya kwenye mixa, amplifaya hakuna, na ukumbi mzima unasikia amplifaya. Usiku ule sikulala. Nikaweka akiba miezi kumi na moja.

Mashine yangu ya kwanza niliiua mwenyewe ndani ya wiki mbili. Adapta yake ilipotea safarini, nikachomeka ya king'amuzi kwa sababu kichwa kiliingia. Pedali na prosesa nyingi zinataka volti 9, tena hasi ikiwa katikati ya kichwa. Ile ya king'amuzi ilikuwa volti 12, chanya katikati. Harufu ya plastiki ilitoka kabla taa haijawaka. Kwa hiyo kile kimchoro cha duara chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, kilichopo karibu na tundu la umeme, kisome kabla hujachomeka chochote.

Ya pili ndiyo iliyokwenda Lindi.

Nilikuwa napiga solo kwenye bendi ya harusi hapa Mtwara. Tulikuwa na harusi kubwa Lindi mjini, msimu wa korosho umeshalipa, watu wana hela na wanataka kucheza. Nilijifungia chumbani kwangu Chikongola wiki tatu. Kila usiku hedifoni kichwani, nyumba imelala, natengeneza sauti. Nikaipa jina, MOTO. Ilikuwa na geini nyingi, ile inayosukuma sauti hadi ikwaruze, korasi inayoifanya sauti moja iwe kama mbili, dilei mbili na riverbu ya kanisa kuu. Kwenye hedifoni ilizunguka kutoka sikio hili hadi lile, ikinenepa chini na kung'aa juu. Nilikuwa nasikiliza huku nimefumba macho. Nilijiambia kwamba mkoa mzima hakuna mwenye sauti hii.

Safari ni kilomita mia moja na kitu, unapita Mikindani, unakunja Mingoyo, unaingia Lindi. Njia nzima nimepakata begi la mashine kama mtoto.

Wimbo wa kwanza nikabonyeza MOTO. Sikuisikia. Nilisikia besi, nilisikia kinanda, ngoma, waimbaji, na mahali penye gita palikuwa na mvumo fulani kama upepo kwenye bati. Nikamwonyesha fundi mitambo kidole cha juu, aongeze. Akaongeza, na zile spika mbili kubwa zikatoa mlio wa kukwaruza uliowafanya wageni wa meza za mbele washike masikio. Akashusha. Bibi harusi anaingia, sebene imefunguka, ni zamu yangu, nami napiga kwa nguvu zangu zote, na kinachonifikia ni tiki-tiki ya nyuzi kavu chini ya vidole vyangu. Kitelezi cha chaneli yangu kilikuwa chini kabisa. Nilikiona kutoka jukwaani. Nikapiga hivyo hivyo saa tatu nzima, mikono inacheza, sauti hakuna.

Wakati wa malipo kiongozi wa bendi alinipa elfu ishirini badala ya arobaini. Akasema, "Gita halikusikika, hela isikike vipi?" Wenzangu walicheka. Baada ya wiki mbili nafasi yangu alikuwa nayo kijana mwingine. Sitamtaja kiongozi yule. Lakini kuna siku napita stendi nikiona gari la Lindi kifua kinabana.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Mikindani aliyepiga ridhimu kwenye bendi za dansi ujana wake. Hajawahi kumiliki prosesa. Aliniambia, "Lete hicho kimashine, tukisikie kwenye spika ya watu." Akaazima spika moja ya ukumbini, ile yenye wufa ya inchi 15 chini kwa sauti nene na honi juu kwa sauti kali, tukaiweka kibarazani, akasogea hadi kwenye mnazi hatua ishirini, akasema washa. Nikapiga MOTO. Akatikisa kichwa. "Toa hiyo kanisa." Nikazima riverbu. "Toa na mwangwi." Nikazima dilei zote mbili. "Bado inavuma." Nikashusha geini kutoka nane hadi tatu. Kila nilipotoa kitu nilihisi navuliwa nguo, na kila nilipotoa gita lilisogea mbele hatua moja.

Kilichobaki ni wale nyuki. Nikaingia kwenye ikweleza ya mashine, mahali pa kukata sauti za juu; kwingine wameandika LPF. Ilikuwa wazi kabisa, hezi elfu 20, yaani mitetemo elfu 20 kwa sekunde. Nikaanza kuzungusha taratibu kwa kidole gumba huku mkono wa kushoto umeshika akodi moja. Elfu 15, hakuna kitu. Elfu 10, bado. Elfu 8, ule mchanga uliokuwa juu ya kila noti ukaanza kupungua. Elfu 6, ukaisha. Nilisikia mti wa gita. Nilisikia kidole kikiacha uzi. Mzee akaja kutoka kwenye mnazi anatembea kwa mdundo, na hakusema neno.

Baadaye ndipo nikasoma kwa nini. Spika halisi ya gita, ile ya inchi 12, haina honi. Ikipita hezi elfu 5 au 6 inachoka yenyewe, na masikio yetu yamezoea gita lililokatwa hivyo. Spika ya ukumbini ina honi inayotoa kila kitu hadi juu kabisa. Ukiipa sauti yenye geini isiyokatwa, inakutolea kila uchafu. Chini nako ni vile vile. Uzi mnene wa gita ni kama hezi 82, wa besi ni 41. Ukinenepesha gita chini ya 100 unagombana na besi na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, na ugomvi huo gita halijawahi kushinda. Kata huko chini bila huruma.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoniua Lindi kuliko yote. Sikio la binadamu halisikii sawasawa kwa sauti ndogo na kwa sauti kubwa. Wanasayansi Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani, wakatoa matokeo 1933. Sauti ikiwa ndogo, masikio hayapati vizuri za chini kabisa na za juu kabisa. Kwa hiyo usiku chumbani unaongeza besi, unaongeza trebo, unapunguza za kati kwa sababu zinakera, na unaona imekaa. Ukifika ukumbini sauti inapanda, masikio yanafunguka, besi uliyoongeza inakuwa ngurumo na trebo inakuwa msumari. Zile za kati ulizotupa ndizo zilizokuwa gita lenyewe.

Sasa wewe wa Newala. Kama chumbani inalia vizuri, basi kabineti ya ndani ya mashine, ile inayoiga spika, imewashwa. Ingekuwa imezimwa, hata hedifoni zingelia nyuki. Iache hivyo unapokwenda kwenye mixa. Siku ukichomeka kwenye amplifaya halisi ya gita, izime, maana hapo spika ya gita ipo tayari, na kabineti mbili zinafanya sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Tatizo lako ni kwamba sauti umeitengeneza kwa sauti ndogo, kwenye hedifoni. Omba ufunguo wa kanisa siku ya kazi. Washa spika zilezile za Jumapili, kwa ukubwa ule ule wa Jumapili, na utengeneze hapo. Nasema tena, hapo hapo, kwa sauti kubwa. Mwombe fundi mitambo awepo, mwite kaka, mnunulie soda, na mtazame pamoja taa ya chaneli yako: ikiwaka nyekundu, shusha kwenye mashine yako kwanza, au apunguze geini pale juu ya chaneli. Kitelezi hakiponyi sauti iliyokwisha kupasuka mlangoni.

Kwa sebene anza na modeli ya Roland JC-120, ambayo kwenye mashine nyingi imeandikwa JC tu. Amplifaya hiyo ilitoka 1975 na ni safi kama maji ya kisima. Weka kompresa kidogo, ile inayosawazisha noti kubwa na ndogo, dilei ya kurudia mara moja, basi. Muda wa dilei usiukisie. Gawa 60,000 kwa kasi ya wimbo, yaani mapigo yake kwa dakika. Wimbo wa 125 unakupa milisekunde 480, nusu yake ni 240, na hiyo 240 ndiyo inayokimbia pamoja na sebene. Solo ikifika usiongeze geini, kwa kuwa geini inaminya sauti na kuirudisha nyuma. Ongeza volumu kidogo na za kati kidogo. Na ufanye hayo yote kwa sauti kubwa.

Mitambo mingi ya makanisa na kumbi zetu ni mono, yaani spika zote zinatoa sauti ileile. Ule mzunguko wa kulia na kushoto ulioupenda kwenye hedifoni haufiki kwa mtu yeyote.

Jumamosi iliyopita kwaya moja hapa Mtwara ilikuwa na tamasha, wakaniita. Niliingia na prosesa ndogo ya Zoom inayokula betri nne za AA, gita, na waya mbili. Betri nazitumia makusudi. Umeme ulikatika katikati ya wimbo wa tatu, jenereta likachukua, na wakati mpiga kinanda anasubiri kinanda chake kiwake upya, mimi nilikuwa tayari napiga, waimbaji wakanidaka, watu wakasimama. Dakika nzima ilikuwa gita na makofi tu. Gita lilijaa ukumbi. Baada ya tamasha mwalimu wa kwaya ya jirani akaja kutafuta amplifaya yangu nyuma ya pazia. Nikamwonyesha mfuko wa begi.

Nafurahi kuliandika hili, sifichi. Lakini linaniuma kuona vijana wa Masasi, wa Nachingwea, wa hapa hapa Magomeni, wanakaa wanabishana mashine ipi ni bora, Helix au Quad Cortex, mashine za mamilioni, na mkono wa kulia haujui kupiga ridhimu dakika tano bila kukimbia. Ndugu zangu, mashine inaiga amplifaya, mkono hauigi. Mzee wa Mikindani alipiga gita langu siku ile kwa MOTO ileile iliyonitia aibu, kabla hatujatoa chochote, na bado lilisikika kuliko nilivyopiga mimi. Acheni kupakua priseti za watu, zile sauti walizokwisha kuzitengeneza. Aliyeitengeneza alikuwa na gita lake, mkono wake na spika zake. Kaeni na sauti moja mwezi mzima. Jifunzeni kutoa. Mkitaka kuongeza kitu, tokeni kwanza jukwaani, nendeni mkasimame pale walipo watu, msikilize.

Na upepo wa bahari huu wetu unakula jeki. Kila mwezi napitisha pamba yenye spiriti kwenye vichwa vya waya, na mashine nailaza kwenye mfuko wenye vile vipakiti vya viatu vinavyonyonya unyevu. Wa Newala, huko juu mbali na bahari, hili halikuhusu sana.

Umesema Jumapili unapiga tena. Basi Ijumaa fika kanisani, fanya niliyokueleza, kisha chukua plasta nyeupe, andika namba za vitufe vyote kwa kalamu, ubandike chini ya mashine. Mimi yangu ninayo bado, ile ya kibarazani Mikindani: geini 3, juu 6, chini 100. Wino umefifia, lakini unasomeka.

Mwisho wa mwezi nayo inakwenda Lindi. Kiongozi yule yule ndiye aliyepiga simu. Aliniuliza nachukua shilingi ngapi siku hizi. Nikamtajia, nikamwambia nalipwa kabla ya kupanda jukwaani. Jana jioni ametuma nusu.