Kwa nini dawa ya mzio haikupunguza uvimbe wa kifundo changu?

SWALI: Daktari, nilitegua kifundo cha mguu. Nilisoma kwamba histamini, kemikali ya mwili, ndiyo huleta uvimbe, nikameza dawa ya mzio siku mbili, lakini mguu umevimba vilevile. Nimekosea wapi?

JIBU: Ulichosoma ni kweli, ila ni kweli ya dakika za mwanzo tu.

Kwaruza ngozi ya mkono kwa ncha butu, ukikaza kidogo. Kwanza utaona mstari mwekundu, kisha wekundu unasambaa kandokando, na baada ya dakika chache mstari wenyewe unatuna na pengine kuwasha. Thomas Lewis, daktari wa Uingereza, alizieleza hatua hizi tatu katika miaka ya 1920. Nami kila nikizitazama hustaajabu, maana hapo unauona uvimbe ukizaliwa mbele ya macho yako.

Kinachotokea ni hiki. Kandokando ya mishipa midogo ya damu kuna seli za masti, aina ya seli za kinga, zilizosheheni vifuko vya histamini iliyokwisha kutengenezwa. Zikiumizwa, humwaga vifuko hivyo papo hapo. Histamini hutanua mishipa, ndiyo maana ya wekundu na joto. Kisha hushika vipokezi vya H1, yaani sehemu za seli zinazoipokea histamini, kwenye kuta za vena ndogo; seli za ukuta hujikunyata, nafasi hufunguka kati yake, na majimaji ya damu huvujia nje. Wakati huohuo kuta hizo huanza kuzinasa chembe nyeupe za damu zinazopita.

Baada ya hapo vimeng'enya huivunjavunja histamini upesi. Kazi hushikwa na wengine, zikiwemo kemikali za prostaglandini na bradikinini, na chembe nyeupe zenyewe zinapoingia kwenye jeraha. Hao ndio wanaokuvimbisha siku ya pili na ya tatu. Dawa yako hukalia vipokezi vya H1 tu, haiwagusi hao. Ibuprofeni husaidia zaidi kwa maumivu ya kuteguka kwa sababu huzuia utengenezaji wa prostaglandini, ingawa haimfai mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Kwa vipele vya mzio hali ni tofauti: huko seli za masti huendelea kumwaga histamini, na dawa uliyomeza ndiyo yenyewe.

Kifundo kifunge bendeji, ukiinue unapopumzika. Lakini kama huwezi kukanyaga hata hatua nne, nenda ukapigwe eksirei leo.