Kiti cheusi cha 1917, na shairi linalopimwa kwa konsonanti

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesikia kwamba mwaka 1917 watu wa Wales walimpa marehemu ushindi wa ushairi na wakamtengenezea kiti cheusi. Majaji walikosaje kujua kwamba mtu amekwisha kufa? Na hao Wawelisi wana vina na mizani kama sisi, au yao ni mashairi huru? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Kwanza kiti. Chenyewe ni cha mti wa mwaloni, kilichonakshiwa na Eugeen Vanfleteren, fundi Mbelgiji aliyekimbia Vita vya Kwanza vya Dunia akahamia Birkenhead. Weusi ulikuwa wa kitambaa kilichotandikwa juu yake siku ya tukio. Kilikuwa kimechongwa kabla yeyote hajajua nani angekikalia.

Sasa majaji. Eisteddfod, neno linalotokana na "kukaa", kwa hiyo ukiliita kikao hujakosea sana, ni mashindano ya ushairi na muziki. Kiti kuwa tuzo ni desturi ya zamani mno: mtawala wa Kiwelisi Rhys ap Gruffydd alitoa viti huko Cardigan, Wales, mwaka 1176. Kwenye mashindano ya kitaifa kila mshairi hupeleka shairi kwa lakabu, jina lake halisi likiwa limefungiwa kando. Jaji hupima shairi, hampimi mtu. Siku ya kutawazwa lakabu ya mshindi hutajwa mbele ya umati, naye husimama pale alipo katikati ya watu. Hata jirani yake wa kiti hujua wakati huo huo.

Mwaka 1917 mashindano yalifanyika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Hapo ni Uingereza, si Wales, lakini eneo hilo lilikuwa na Wawelisi wengi. Alhamisi tarehe 6 Septemba, waziri mkuu Lloyd George, ambaye Kiwelisi alikulia nacho, akiwa mmoja wa waliohudhuria, mshairi aliyejiita "Fleur-de-lis" aliitwa. Kimya. Akaitwa tena, na mara ya tatu. Hapo ndipo kiongozi wa washairi, Dyfed, alipotangaza kwamba mshindi aliuawa vitani. Alikuwa Ellis Humphrey Evans, mchungaji wa kondoo kutoka shamba la Yr Ysgwrn, Trawsfynydd, aliyefahamika kama Hedd Wyn. Alianguka tarehe 31 Julai huko Pilckem, Ubelgiji, akiwa na miaka 30. Shairi alilimalizia jeshini, akalituma kwa posta kutoka Fléchin, Ufaransa. Kwa hiyo wakati analituma alikuwa hai, marehemu hakushindana.

Nidokeze jambo moja. Katika sherehe ya kutawaza, upanga huchomolewa nusu na umati huulizwa mara tatu, "Kuna amani?", nao hujibu, "Amani!" Na Hedd Wyn maana yake ni amani nyeupe, amani iliyobarikiwa.

Nije kwenye arudhi, maana nadhani ndiyo inayokuwasha. Wawelisi wana taji kwa tungo zilizo huru zaidi na kiti kwa awdl, utungo mrefu wenye kanuni kali. Mizani wanahesabu: englyn, kibeti chao, ina mizani 30 katika mishororo minne, yaani 10, 6, 7 na 7, na kina kimoja tu. Mpaka hapo mtunzi wa tarbia hashangai. Kinachotutoa jasho ni cynghanedd, itamke "kanghaneth", th ya mwisho ikiwa ya "dhahabu". Sisi tunalinganisha silabi ya mwisho ya kipande. Wao, katika aina iitwayo groes, hulinganisha konsonanti za kipande cha kwanza na za kipande cha pili, kwa mpangilio ule ule. Irabu zinaruhusiwa kubadilika. Nimejaribu kwa Kiswahili:

Pole na njia, pale ni njaa.

P, l, n, nj. P, l, n, nj. Mshororo huo mmoja ulinila jioni nzima, na Mwelisi mjuzi angeweza kunikosoa bado, kwa sababu mkazo wa neno nao una sheria zake. Aina nyingine, sain, hugawa mshororo vipande vitatu: cha kwanza na cha pili hushirikiana kina, cha pili na cha tatu hushirikiana konsonanti. Ya lusg iko karibu zaidi nasi: kina cha katikati hurudi kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, siyo ya mwisho kabisa.

Ukitaka kujaribu, anza na lusg. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi hiyo hiyo, hivyo sikio lako litaisikia bila kufundishwa.