El Niño si jina la mvua

SWALI: Ndugu mtaalamu, mimi ni mkulima wa mahindi na mpunga, Korogwe. Mwaka 2015 tulitangaziwa El Niño kubwa. Nikaogopa maji, nikaliacha bonde, nguvu zote nikazipeleka shamba la juu. Mvua ikaja ya kawaida tu, wenzangu waliopanda mpunga bondeni wakavuna huku nawatazama. Mwaka 2019 hakuna aliyenitajia El Niño, na Oktoba haijaisha maji yakabeba shamba pamoja na pampu. Sasa tangu Julai jumbe za El Niño zimeanza tena kwenye simu. Baba yangu anasema vuli ya mwaka wa Uhuru ilishinda zote, na jina hilo hawakulijua. Nipande wapi safari hii? Na samahani kwa kuuliza, ninyi mnabahatisha?

JIBU: Mzee wako apewe kiti ofisini kwetu. Bila kujua ameshalijibu swali lako kuliko hao wanaokutumia jumbe.

Vuli ya 1961 ilinyesha kupita kiasi kuanzia pwani hadi Ziwa Victoria. Ziwa lilianza kupanda, likaendelea kupanda, hadi kilele cha Mei 1964. Kilele hicho hakikuvukwa hadi Mei 2020, yaani baada ya ile vuli iliyokula pampu yako. Weka hiyo miaka miwili pamoja, 1961 na 2019. Yote miwili, wakati wa vuli, Bahari ya Pasifiki haikuwa na El Niño ya kuzungumzia.

Hapo ndipo ninapochoka na watu. Mtaani kwangu daraja likibomoka ni El Niño, mfereji ukiziba taka ni El Niño, na mimi mwenyewe kwenye baraza la kahawa wananiita "Bwana El Niño". El Niño ni maji ya Pasifiki, huko upande wa Peru, kupata joto kuliko kawaida. Ni mambo ya mbali mno na Korogwe. Yanatufikia, lakini yanatufikia kwa kupitia bahari yetu wenyewe, na bahari yetu ina hiari yake.

Angalia vuli inavyofanya kazi. Kusi ikishakatika, kabla kaskazi haijashika, pale katikati ya Bahari ya Hindi kwenye ikweta upepo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upepo huo husukuma maji ya moto kuelekea Sumatra. Mawingu makubwa huinuka huko, na hewa iliyopanda kule hushuka upande wetu. Hewa inayoshuka haileti mvua, huikausha. Ndiyo maana sisi tuko jirani na ikweta, bahari mlangoni, na bado tunaililia mvua. Kuwa karibu na maji hakutoshi. Lazima kiwepo cha kuuinua mvuke. Wewe unaishi chini ya Usambara, unalijua hili kwa macho: Amani, upande unaopokea upepo wa bahari, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Same, nyuma ya milima, haipati hata nusu ya hizo.

Sasa iko miaka ambayo mpango huu hugeuka. Upepo wa pwani ya Sumatra huzidi nguvu, maji baridi huibuka kutoka kilindini kule, na upepo wa ikweta hulegea au hurudi nyuma kabisa. Maji ya moto hubaki huku kwetu, na mawingu huyafuata. Sisi huiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Upande wetu ukiwa na joto kuliko wa Sumatra, tunasema ni chanya. Mwaka 2019 tofauti hiyo ilikuwa miongoni mwa kubwa zaidi kupimwa kwa miongo mingi. Ukitaka kujua nani alichukua pampu yako, ni hiyo. Ikigeuka hasi, kama 2022, vuli husinyaa.

El Niño huisaidia daipoli kuwa chanya, lakini haiiamuru. Mwaka 1997 zilikuja zote mbili kwa nguvu na kila mtu anakumbuka barabara zilivyokatika. Vuli ya 2023 zilikutana tena. Mwaka 2015 Pasifiki ilichemka karibu sawa na 1997, ila daipoli ilikuwa dhaifu, kwa sababu Bahari ya Hindi ilikuwa na joto pande zote mbili. Wewe ukakimbia bonde kwa ajili ya bahari isiyo yako.

Kuhusu kubahatisha: hatubahatishi, tunakadiria, na sielewi kwa nini neno hilo linaudhi watu. Taarifa ya msimu ikisema "wastani hadi juu ya wastani", inazungumzia kanda nzima na jumla ya miezi mitatu. Haisemi lolote juu ya shamba lako, wala haisemi mvua itagawanyika vipi. Milimita 300 zikianguka kwa siku thelathini unavuna. Zikianguka kwa siku sita, unatafuta pampu mtoni.

Kwa hiyo usihame bonde na usilijaze. Subiri taarifa ya vuli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha fuatilia marekebisho ya kila mwezi na utabiri wa siku kumi. Huo wa siku kumi ndio wa kukuamulia siku ya kupanda. Mahindi ya muda mfupi yawe juu. Bondeni panda sehemu ambayo hata ikienda na maji utakula. Na kuanzia Oktoba pampu isilale kando ya mto, hata usiku mmoja. Ukiisoma taarifa yetu, tafuta sentensi inayotaja joto la Bahari ya Hindi magharibi. Wengi huiruka wakikimbilia neno El Niño.

Na mambo haya yanahusu vuli. Masika ina tabia nyingine kabisa. El Niño na daipoli zina mkono mfupi sana pale. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia nilipigiwa simu siku nzima kuulizwa kama ni El Niño imerudi. Kimbunga ni kimbunga.

Hizo jumbe za simu sasa. Kuna watu kazi yao ni kuchukua ramani moja ya kompyuta ya siku kumi na sita mbele, kuchora mishale myekundu, na kuandika "SAMBAZA HARAKA". Ramani ya siku kumi na sita ikitolewa tena saa sita baadaye huwa imeshabadilika. Nyuma yao wako wauza mbegu na maturubai wanaopandisha bei. Kuna ile nyingine isiyokufa, kwamba jua likivuka ikweta joto litafika nyuzi 40 kwa siku tano, watu wajifungie ndani. Jua huvuka ikweta kila Machi na kila Septemba. Kama lingekuwa linatuunguza hivyo tusingekuwepo kusambaza huo ujumbe.

Ujumbe usio na tarehe ya kutolewa, usio na eneo wala kipindi, futa. Wiki iliyopita shemeji yangu alinitumia picha ya daraja lililosombwa, "Tanga asubuhi hii". Niliikuza. Magari yote yaliyokwama pale yalikuwa na usukani upande wa kushoto.