Umeanza chuo vibaya na bado unataka udaktari wa meno? Usikimbilie kurudia somo

Wadogo zangu wanaonitafuta kwa swali hili, wengi wao Watanzania na Wakenya wanaosoma huku Marekani, huwa wameshafanya jambo moja kabla hata hatujaongea. Wameshajiandikisha upya kemia waliyopata D, muhula unaofuata tu, na ratiba ya kazi ni ile ile, usingizi ni ule ule. Wanadhani wanafuta. Hawafuti, na pesa nyingi hupotelea hapo.

Nyumbani tumezoea sapu. Ukianguka unarudi, unafanya mtihani mwingine, maisha yanaendelea. Huku chuo chako kinaweza kuwa na utaratibu wa kurudia somo, alama mpya ikachukua nafasi ya ile ya zamani kwenye GPA (wastani wa alama zako zote) ya chuo. Ila maombi ya shule nyingi za meno, ambazo huku kwa kawaida unaingia baada ya shahada ya kwanza, yanapitia mfumo mmoja unaoitwa AADSAS, na wao wanapiga hesabu yao upya: D ya kwanza inaingia, A ya pili inaingia. Transkripti ya kila chuo ulichowahi kukanyaga lazima iwafikie, hata ya lile somo moja la kiangazi ulilosoma chuo cha jamii (community college) ukaliachia njiani. GPA unayoiona ukifungua akaunti yako ya chuo inaweza isiwe ile watakayoiona wao.

Tupige hesabu. Mtu amemaliza miaka miwili, krediti 60 (vipimo vya uzito wa masomo), GPA 2.3 kati ya 4. Zidisha, ana pointi 138. Tuseme amebadilika kabisa, miaka miwili iliyobaki anapata 3.8 kwa krediti nyingine 60, yaani pointi 228. Jumla 366, gawanya kwa 120: 3.05. Miaka miwili mizima kasoma kama wanafunzi bora wa darasa, na karatasi inasema 3.05. Akiongeza mwaka mmoja baada ya shahada, krediti 30 kwa 3.9, anafika 3.22. Wastani wa wanaopokelewa kitaifa uko juu ya 3.5. Chumvi ikishazidi mchuzini huichomoi, unaongeza maji tu, na sufuria ina ukubwa wake.

Nakuambia haya nikiwa upande wa pili. Wastani wangu wa mwanzo ulikuwa chini ya 2.5, na leo niko kliniki ya shule, naziba meno ya watu chini ya usimamizi. Wanaosoma maombi huona GPA yako mwaka kwa mwaka, na huona pembeni hesabu ya baiolojia, kemia na fizikia peke yake. Mtu wa 3.2 aliyepanda kutoka shimoni na kukaa juu anasomwa tofauti na mtu wa 3.2 aliyepanda, akashuka, akapanda tena. Huyo wa pili ndiye anayeharibu, na karibu kila mara ni yule aliyekimbilia kurudia masomo kabla ya kujua kilichomwangusha.

Basi kilikuangusha nini? Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi, kwa sababu watu hujibu haraka mno: "Sikuwa makini." Hilo halisaidii kitu. Umakini uliondoka kwa sababu fulani.

Kwa wengi wetu ni boksi, yaani vibarua vya kuhangaikia maisha. Unaingia shifti saa tano usiku kwenye nyumba ya wazee, unatoka saa moja asubuhi, maabara ya kemia inaanza saa mbili. Unashika chupa za tindikali huku macho yanafumba. Na huwezi kuacha shifti kwa sababu kuna kodi ya nyumba, na simu kutoka nyumbani haikomi: ada ya mdogo, dawa za bibi, harusi ya binamu ambaye hata humkumbuki sura. Hakuna mbinu ya kusoma itakayoshinda ratiba hiyo. Nilichofanya ni kuongea na wazazi mara moja, kwa heshima, nikataja kiasi ambacho ningetuma kila mwezi na kwamba hakitaongezeka mpaka nimalize. Mama alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Wajomba walinuna. Nikahamia shifti za wikiendi, nikapunguza masomo, na mwaka huo ndio namba zangu zilianza kusogea.

Kuna tahadhari kwenye kupunguza masomo. Kama uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, chini ya krediti 12 kwa muhula huruhusiwi kushuka hivi hivi. Nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa upate idhini, usije ukapoteza hadhi yako kwa kuokoa GPA. Na kama unapata msaada wa fedha wa serikali, W, yaani alama ya kujitoa kwenye somo, haiingii kwenye GPA lakini inahesabika kama krediti ulizojaribu usizimalize, na zikiwa nyingi msaada unakatwa. Hata hivyo, W moja ni afadhali kuliko F. Usione aibu kuitumia kabla tarehe haijapita.

Sababu ya pili inawahusu hasa waliosoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia) nyumbani. Sisi tulilelewa na mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Mwaka mzima unakwenda mdogo mdogo, kisha wiki za mwisho unapiga zimamoto, unakesha, unatoboa. Huku alama inajengwa kila wiki: jaribio Jumatatu, ripoti ya maabara Jumatano, kazi ya nyumbani kwenye kompyuta inayofungwa saa sita usiku. Ukistuka wiki ya nane, kwa zimamoto lako zuri kabisa, asilimia arobaini ya somo imeshaondoka. Nimeona vijana wenye akili kali, waliotoka na daraja la kwanza kidato cha sita, wakipata C kwa sababu hii tu. Tiba yake ni kutoka darasani na kukaa chini siku hiyo hiyo, na kumfuata profesa ofisini kwake. Najua, kwetu kumgongea mwalimu mlango ni kama kumsumbua. Huku ametenga saa kwa ajili hiyo na anakaa peke yake akisubiri. Na huyo huyo ndiye utakayemwomba barua ya mapendekezo baadaye. Atakuandikia nini kama hakujui?

Sababu zikishashughulikiwa, ndipo uulize urudie nini. D na F kwenye masomo ya msingi huna ujanja, rudia, maana shule nyingi zinataka angalau C. Ila C iache ilivyo. Krediti ambazo ungezitumia kurudia baiolojia ya mwaka wa kwanza zipeleke kwenye baiokemia, mikrobiolojia, anatomia, fiziolojia. A ya baiokemia inamjibu msomaji swali lake kuliko A ya somo uliloshaliona mara mbili. Anza na somo moja gumu, kisha mawili, kisha matatu pamoja, kwa sababu shule ya meno haitakupa moja moja.

Kuna wanaoniuliza kuhusu shahada ya uzamili ya mwaka mmoja ya sayansi za tiba. AADSAS huitenga kwenye mstari wake, kwa hiyo haipandishi GPA yako ya shahada ya kwanza. Inaonyesha tu kwamba sasa unaweza. Ni ghali, na ukipata B nyingi huko umejifungia mlango kwa pesa yako. Mimi ningeipendekeza kwa mtu ambaye krediti zake ni nyingi mno kiasi kwamba wastani hausogei tena. Wengine wachukue masomo ya kawaida baada ya shahada, chuo cha umma, karibu na nyumbani.

Mlioko Houston na Dallas mna kitu ambacho wengine hatuna. Sheria ya Texas inamruhusu mkazi anayeomba chuo cha umma cha jimbo hilo aombe masomo aliyosoma miaka 10 au zaidi iliyopita yasihesabiwe. Yanaondoka yote, mazuri na mabaya, huwezi kuchagua. Kwa mtu aliyeacha chuo zamani akalea watoto, hiyo ni nafasi kubwa.

Mtihani wa DAT, ule wa kuombea shule ya meno, ndiyo sehemu pekee ambapo zamani yako haikufuati. Una sayansi, hesabu, ufahamu wa kusoma, na sehemu ya kuona maumbo: pembe ipi ndogo, karatasi iliyokunjwa na kutobolewa ikifunguliwa matundu yatakuwa wapi. Hiyo ya maumbo haitegemei ulichosoma chuoni, ni mazoezi ya kila siku tu. Tangu 2025 alama zinatolewa kwa mizani ya 200 hadi 600, kwa hiyo ushauri wa "tafuta 20", uliotokana na mizani ya zamani, umepitwa na wakati. Mwenye GPA ya chini hana ruhusa ya kufanya DAT kwa kujaribu.

Pesa nayo iangalie mapema. Mhitimu mwenye mkopo anatoka shule ya meno akidaiwa karibu dola 300,000. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inaweka kikomo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwenye mikopo ya serikali kuu. Shule nyingi zinazidi hapo, kwa hiyo shule ya umma ya jimbo lako, inayopendelea wakazi, si ya kuidharau kwa sababu haina jina. Aliye kwa viza ya mwanafunzi hapati mikopo hiyo kabisa, na baadhi ya shule hazipokei maombi yake. Angalia kabla hujalipa ada ya maombi. Howard ya Washington na Meharry ya Nashville zilianzishwa kwa ajili ya Weusi na zina mazoea ya kumsoma mwombaji mzima. Ziweke kwenye orodha yako.

Mashangazi watakuambia soma unesi, pesa ipo. Hawajakosea. Kama umeshatatua matatizo yako, umepewa mihula miwili ya sayansi ukiwa umelala vizuri, na bado ni C na B, mimi pia nitakuambia hivyo hivyo, na nitakutajia usafi wa meno, kazi nzuri yenye malipo ya heshima na muda mfupi wa shule.

Kama ni A, andika maombi. Dirisha linafunguliwa Mei na unaanza kutuma karibu na mwanzo wa Juni. Tuma mapema, kwa sababu mwenye karatasi dhaifu akifika Oktoba nafasi za usaili zimeshagawanywa. Uwe umekaa na madaktari wa meno ukiwatazama wakifanya kazi, saa 100 hivi, ikiwezekana zaidi ya kliniki moja. Insha ina herufi 4,500 tu, pamoja na nafasi. Miaka mibaya ipe sentensi mbili au tatu: ilikuwa nini, nilibadilisha nini, matokeo yake haya. Usimlilie msomaji na usimtaje profesa aliyekuonea. Zilizobaki zote zizungumzie meno.