Nyanya zangu zilinona majani: mbolea kwenye mchanga wa Igombe

Msimu wangu wa kwanza wa nyanya pale Igombe, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, kila aliyepita njiani alinipongeza. Miche ilikuwa imenifika kifuani, majani ya kijani mpaka yanaelekea weusi, mashina manene kama kidole gumba. Nikajiona mkulima kamili. Nikapiga picha, nikazirusha kwenye kundi la ukoo. Kisha asubuhi moja akaja jirani yangu wa shamba, mzee wa Kisukuma aliyelima maeneo yale tangu sijazaliwa. Tukasalimiana mwangaluka, akaingia katikati ya mistari, akawa anafunua majani kwa fimbo kama mtu anayetafuta kuku aliyetagia porini.

"Mwanangu, mchicha umestawi," akasema. "Nyanya ziko wapi?"

Nikainama. Chini ya majani kulikuwa na maua mengi tu, ila yamelala juu ya udongo, yamekauka. Robo eka nzima ilinipa matenga 11, na nusu yake yalikuwa ya vitoto vya nyanya ambavyo mama ntilie mmoja wa Kirumba alivichukua kwa huruma.

Tangu nianze kupata mavuno ya kueleweka, naulizwa sana: dada, nitumie mbolea gani nyanya zizae? Jibu langu huwaudhi wengi, kwa sababu nalirudisha kuwa swali. Udongo wako ukoje, na maji unamwagiliaje? Mtu alitaka jina la mfuko, mimi namtuma akachimbe shimo.

Lakini hapo ndipo nilipokosea mwenyewe. Wasukuma wana majina ya udongo yanayosema mengi kuliko kitabu. Luseni ni ule mchanga mwepesi wa mwinukoni, uliomeguka kutoka kwenye mawe haya haya tunayopigia picha Mwanza. Ukishuka bondeni unakutana na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kukuvua viatu wakati wa mvua. Mimi nimo kwenye luseni. Unamwagilia saa moja asubuhi, saa nane mchana ukichokonoa kwa kidole unakuta vumbi. Na maji yakishuka hayashuki peke yake, yanaondoka na nitrojeni uliyoilipia, kile chakula cha kukuzia majani.

Kama hujui uko kwenye upi, chota udongo kiganjani, uloweshe, ukande kama unga wa chapati, halafu usokote kamba uikunje iwe pete. Ikimeguka hata kabla hujaikunja, ni mchanga. Ikikubali pete bila kupasuka, ni mfinyanzi. Dakika mbili, na tayari unajua jambo kubwa: kwenye mchanga unalisha kidogo kidogo mara nyingi, kwenye mfinyanzi unaweza kulisha mara chache lakini ugomvi wako utakuwa maji kutuama.

Sasa turudi kwenye ule mchicha wangu. Mwaka ule nilikuwa nimejiandikisha kwenye ruzuku ya mbolea, nikapata urea na DAP kwa bei nafuu, nikanunua kama mtu aliyeona sukari imeshuka. Mfuko wa DAP wote ukaingia chini wakati wa kupandikiza. Mfuko wa urea wote ukaenda juu kwa mikupuo mitatu. Hakuna aliyeniambia nisome zile namba.

Namba za mfukoni si mapambo. Urea imeandikwa 46-0-0, maana yake katika kila kilo 100 kuna kilo 46 za nitrojeni na hakuna kingine. Kwa hiyo mfuko wangu wa kilo 50 ulikuwa na kilo 23 za nitrojeni. DAP ni 18-46-0: mfuko mmoja unabeba kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti, yaani fosforasi kama inavyoandikwa mfukoni. Jumla nikawa nimemwaga kilo 32 za nitrojeni kwenye robo eka, wakati nyanya za eneo lile zinatosheka na kilo 10 hadi 15. Na ile sifuri ya mwisho kwenye mifuko yote miwili ndiyo iliyonimaliza. Hiyo ni nafasi ya potasiamu, na potasiamu ndiyo inayojaza tunda, kulipa rangi na ugumu wa kuvumilia safari ya bodaboda mpaka sokoni. Sikuweka hata chembe. Mmea ukishiba nitrojeni na kukosa potasiamu, unafanya ulichofanya wangu: unajenga majani na kutupa maua.

Msimu uliofuata nilipeleka udongo kupimwa Ukiriguru, kule Misungwi, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Wakulima wengi wanaogopa hatua hii wakidhani ni ya mashamba makubwa. Kazi ni kuchukua sampuli vizuri tu. Pita shambani kwa zigizaga, chimba sehemu kumi au zaidi hadi kina cha sentimita 20, changanya yote kwenye ndoo safi ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea, utoe kama nusu kilo. Usichote palipokuwa na zizi wala palipochomwa takataka, utajidanganya mwenyewe. Yangu ilirudi na pH 5.3 (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda), nitrojeni kidogo sana, potasiamu kidogo, fosforasi ya kuridhisha. Soma tena hapo mwisho. Nilikuwa nimemwaga mfuko mzima wa DAP kutafuta kitu ambacho udongo ulikuwa nacho.

Hiyo pH nayo ina habari yake. Nyanya hupenda 6 hadi 6.8. Chini ya hapo chakula kinaweza kuwepo ardhini na mizizi ikashindwa kukichukua vizuri, na urea au SA (salfeti ya amonia) ukizitumia mwaka hadi mwaka zinazidi kuuchachusha udongo. Nikaweka chokaa ya kilimo wiki nne kabla ya kupandikiza, nikahamia CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu, badala ya urea. (Chokaa ya kilimo, jamani, siyo ile ya kupaka ukuta. Nimeshuhudia mtu akiunguza kitalu kizima.)

Utaratibu ninaofuata sasa kwenye luseni ni huu, na kipimo changu ni kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda, kinachobeba takriban gramu 5. Wiki mbili kabla ya kupandikiza, kila shimo linapata makopo mawili ya samadi ya ng'ombe iliyooza ikawa nyeusi na kupoteza harufu. Siku ya kupandikiza, kisoda kimoja cha NPK 17-17-17, ile yenye nitrojeni, fosfeti na potasiamu sawasawa, nakichanganya na udongo kisha naweka tabaka la udongo mtupu juu yake ili mzizi mdogo usikanyage chumvi ya mbolea. Wiki ya tatu, kisoda kimoja cha CAN, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, nafukia na kumwagilia. Ukiiacha juu ya udongo mkavu, haifiki mzizini. Maua ya kwanza yakitokeza, CAN naiacha na kurudi kwenye NPK, na safari hii naongeza nusu kisoda cha salfeti ya potasiamu. Baada ya hapo, kila wiki mbili mpaka mchumo wa tatu, dozi ndogo ya potasiamu na naitreti ya kalsiamu, siku tofauti. Ukiziyeyusha pamoja kwenye ndoo moja zinagandana, unabaki na maji meupe yenye mashapo chini.

Shamba langu lina miche kama 2,400, kwa hiyo kisoda kimoja kwa kila mche ni kilo 12. Piga hesabu hiyo kabla ya kwenda dukani, utashangaa mifuko mingapi hukuhitaji.

Jambo lililonipotezea pesa nyingi zaidi, kuliko hata ile urea, ni kuoza kitako. Nyanya inaanza kuiva, unaigeuza, chini ina duara jeusi lililobonyea kama limekaangwa. Nilikimbilia duka la pembejeo na nyanya tatu kwenye mfuko. Muuzaji akazitazama sekunde mbili, akasema ni fangasi, akaniuzia dawa. Nikapulizia mara mbili. Nikarudi, akaniuzia boosta, ile mbolea ya kupulizia majani. Wiki ya tatu nilikuwa nimetumia fedha ya kulipa vibarua, na vitako vikiendelea kuwa vyeusi.

Si fangasi. Ni tunda kukosa kalsiamu, na mara nyingi kalsiamu ipo ardhini. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba. Kalsiamu husafiri na maji kutoka mzizini, na ikishaingia kwenye jani haihami tena kwenda kwenye tunda. Pampu yangu ilikuwa mbovu mwezi ule. Nilikuwa namwagilia siku moja mpaka mafuriko, halafu siku tatu kavu, kwenye mchanga! Nilipotengeneza pampu na kuanza kumwagilia kila siku asubuhi na jioni kwa kiasi kidogo, matunda mapya yalitoka safi ndani ya wiki mbili. Yaliyokwisha oza hayaponi, yang'oe tu yasiendelee kula chakula cha wenzake.

Siku hizi kabla ya kununua chochote naangalia dalili imeanzia jani la wapi. Majani ya chini yakigeuka manjano yote kwa usawa, ni nitrojeni. Mmea unahamisha kutoka kwa wazee kuwapa watoto. Ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, magnesiamu. Kingo za majani ya chini zikiungua kama karatasi iliyopitiwa na moto, potasiamu. Rangi ya zambarau chini ya jani kwenye miche midogo, fosforasi, ingawa baridi nayo huleta hivyo. Manjano ikianzia kwenye majani mapya ya juu, mara nyingi ni chuma, na kwa kawaida tatizo ni pH au mizizi iliyozama majini.

Kuhusu boosta sina mengi. Zile za majani zina kazi yake pale mmea umekosa kitu kidogo kama boroni au zinki na unataka ukipate haraka. Kuzifanya ndizo chakula kikuu ni sawa na kumlea mtoto kwa vitamini bila ugali.

Sisi wa kando ya Ziwa tuna utajiri mwingine ambao hauuzwi dukani. Igombe kuna mwalo, pale wavuvi wanaposhushia samaki, na kwenye mwalo kuna dagaa walioharibika, vumbi la dagaa, vichwa na matumbo ya sangara. Vyote hivyo vimejaa nitrojeni na fosforasi. Mara ya kwanza nilizika dagaa moja kwa moja mashimoni, sentimita kumi tu chini. Usiku mbwa wa kijiji kizima walifanya mkutano shambani kwangu, na kulipokucha makorongo wakaja kumalizia ajenda. Miche 60 iling'olewa. Sasa naviozesha kwenye lundo pamoja na majani makavu na pumba za mpunga, lundo nimelifunika kwa turubai na mawe juu, miezi mitatu, nageuza kila wiki mbili.

Gugu maji nalo linafaa lundoni, lina potasiamu ya kutosha. Lianike juani mpaka likauke kabisa kwanza. Usilichukue karibu na mitaro inayoleta maji machafu ya mjini, kwa sababu mmea ule hunyonya hata metali nzito. Likikauka pia ni matandazo mazuri: kwenye tuta lililofunikwa, mchana ule wa saa nane nikichokonoa udongo nakuta unyevu.

Majivu ya kuni ni potasiamu ya bure, lakini yana ukali wa chokaa, kwa hiyo kwangu mwenye pH ya chini yanafaa. Kwa mwenye udongo wa chokaa yatamharibia. Na usiyachanganye kamwe na mbolea ya nitrojeni. Niliwahi kukoroga majivu na SA kwenye ndoo moja ili nipunguze mizunguko. Ndani ya dakika moja harufu kali ya mkojo ilinipanda puani, macho yakanitoka machozi. Ile harufu ndiyo nitrojeni yangu iliyokuwa inaondoka hewani. Majivu leo, SA baada ya wiki mbili.

Tusisahau kwamba kinachotoroka kwenye mchanga wetu kinaishia ziwani, na kule kinalisha lile lile gugu linalofunga mitumbwi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mimi niko juu zaidi ya hapo, na bado nimeacha ukanda wa majani ya tembo upande wa chini wa shamba. Unakamata kinachotoroka, na ng'ombe wa mzee wanaula.

Msimu uliopita robo eka ile ile ilitoa matenga 46. Msimu huu nimefanya kitu nilichopaswa kufanya tangu mwanzo: tuta moja nimeliacha na samadi peke yake, bila kisoda hata kimoja cha dukani, na la jirani yake limepata kila kitu. Naandika kila mchumo kwenye daftari. Hadi juzi lile la samadi lilikuwa limetoa sado 3 (vile vindoo vya kupimia sokoni), lenye mbolea kamili sado 5, na mbolea yote ya tuta lile imenigharimu chini ya bei ya sado moja. Bado michumo minne.